Alama ya Vema Niliyoitia Simbo

Asasi yetu ilikuwa na watu watatu na chumba kimoja Kasingirima, mjini Kigoma, nyuma ya mashine ya kusaga. Mwenyekiti alikuwa mzee mstaafu wa reli aliyekuja kila Jumatatu kusaini barua na kulalamikia goti. Mhasibu alikuwa pia fundi cherehani, na wateja wake wa sketi walikuwa wengi kuliko wadau wetu. Mimi nilikuwa katibu, mtafiti, mpiga picha na mfagiaji, na nilijiona mtu mkubwa sana. Unga wa muhogo ulitua juu ya kila kitu mle ndani. Ukifungua kompyuta lazima uipulize kwanza.

Mwaka ule dunia ilikuwa inatunga malengo mapya ya maendeleo. Yale ya zamani muda wake ulikuwa unakwisha, na wakubwa wa nchi zote walikuwa wanavutana huko New York juu ya nini kiingie na nini kiachwe. Safari hii wakasema wananchi nao washirikishwe. Mtandao wa asasi wa kitaifa, wenye ofisi Dar es Salaam, ukapata nafasi ya kumpeleka mtu mmoja kwenye mazungumzo hayo, akae nyuma ya ujumbe wa serikali na azungumze dakika mbili. Mtu huyo alikuwa mratibu wao, mama mwenye sauti nzito na haraka nyingi. Akatupigia simu sisi wa mikoani tumkusanyie sauti za watu.

"Dada yangu wa Kigoma," aliniambia, "wewe ndiye ninayekutegemea kwa wakimbizi. Mwanza wataniletea wavuvi, Dodoma wafugaji. Ripoti ya Kigoma bila mkimbizi itaonekana ya ajabu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Hiyo ndiyo tabia yangu mbaya: naahidi kwanza, halafu natafuta.

Kuingia kambini kunahitaji kibali, na kibali kinahitaji barua, na barua yangu ilikaa mahali fulani juu ya meza ya mtu fulani. Nilifuatilia mara tatu. Siku nne kabla ya mwisho wa kutuma ripoti nikaacha kufuatilia, nikapanga mkutano kijijini Simbo, kwa kuwa Simbo nilikuwa na watu ninaowajua na darasa la katekisimu tuliloruhusiwa kulitumia bure.

Walikuja akina mama ishirini na kitu. Nilikuwa na bango kitita, kalamu za rangi, maandazi na kreti mbili za soda. Nikaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: TUNATAKA DUNIA IWEJE? Wakaniangalia kwa huruma. Baadaye wakaanza: maji ya bomba, mkunga wa zahanati anayekuwepo zahanati, bei ya mawese, barabara ya kupitisha mihogo masika. Niliandika mpaka mkono ukauma. Tulikuwa tunakaribia kufunga pale mama mmoja aliyekaa karibu na mlango aliponyoosha kidole.

Nilikuwa namfahamu kwa sura. Alikuwa mjane, umri wa kama mama mdogo wangu, na wote pale walimjua kama mke wa marehemu fulani wa Simbo. Alikuwa na shamba la mihogo na michikichi kadhaa aliyoachiwa na mumewe, na binti mmoja aliyeolewa Uvinza. Alisimama, akafunga kanga vizuri.

"Mwalimu," alisema, maana watu wa semina wote huitwa walimu, "miye nilivuka mpaka na vita, mimba tumboni. Sikupita kambini. Sijaandikwa popote, si huku wala huko. Hayo malengo yenu ya dunia, mtu asiyeandikwa popote yanamhesabu?"

Akina mama wawili waliinamia soda zao. Nilielewa kwamba walikuwa wanajua siku zote na hawakuwahi kulisema mbele ya mgeni. Nami nilifurahi, nakiri hivyo. Ndiyo sauti niliyotumwa kuitafuta. Nililiandika swali lile neno kwa neno.

Wakati wa kutawanyika alinifuata nje, akanishika kiwiko.

"Nimesema kwa kuwa humu tulikuwa wanawake tupu. Lisitoke na jina langu."

"Halitatoka na jina, mama. Nakuahidi."

Kesho yake asubuhi, nyumbani Buzebazeba, nilikaa kuandika ripoti. Niliandika vizuri. Kwenye ukurasa wa pili niliweka swali lake na kumtaja kama "mama mmoja wa Simbo", basi. Nilijisifu kwa uangalifu wangu. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya maadili ya utafiti, na cheti ninacho mpaka leo.

Zikabaki karatasi za mahudhurio. Mtu asiyefanya kazi za asasi hawezi kujua uzito wa karatasi ya mahudhurio. Mkutano usio na mahudhurio haukufanyika. Ulie, ucheke, uokoe kijiji kizima, kama hakuna majina na saini utaulizwa ulikuwa wapi. Safari ile fomu ilitoka Dar, na upande wa kulia ilikuwa na visanduku vya kundi la mshiriki: mkulima, mvuvi, kijana, mwenye ulemavu, mkimbizi. Barua iliyokuja nayo ilisema mahudhurio yataambatishwa na ripoti, na kwamba nakala huenda ikakabidhiwa serikalini, kwa kuwa ujumbe wa nchi ungependa kujua ni nani walishirikishwa.

Akina mama walikuwa wameandika majina na namba za simu, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Visanduku walikuwa wameviacha, nikavijaza mimi. Mkulima, mkulima, mkulima, nikashuka hivyo mpaka chini. Nilipomaliza, safu ya wakimbizi ilikuwa nyeupe kutoka juu hadi mwisho, na ule weupe ulinikera. Nikamsikia mratibu akisema ripoti ya ajabu. Nikarudi kwenye jina la yule mjane, lililokuwa na dole gumba la buluu pembeni, nikatia alama ya vema kwenye kisanduku cha mkimbizi.

Niliona nimemtendea haki. Nilikwenda na karatasi zangu kwenye duka la intaneti karibu na stesheni, nikaziskani, nikatuma, nikanunua sambusa mbili njiani.

Hazikupita wiki mbili, watu wa ng'ambo ya mpaka, wasemao Kirundi, wakaanza kuvuka tena. Kule kwao mambo yalikuwa yameharibika upya, na wao wakashuka milimani mpaka ufukweni kwa maelfu. Meli kuukuu ya ziwani ikawa inawaleta mjini Kigoma kwa zamu, wamesimama sitahani na vyungu na magodoro, watoto wamefungwa migongoni. Waliwekwa uwanja wa mpira wakisubiri mabasi ya kambini. Mjini likatembea neno kipindupindu. Mama yangu, ambaye ni Mha na anauza dagaa Ujiji, akaanza kunawa mikono kwa majivu na sabuni vyote pamoja.

Siku moja mwenyekiti wa mtaa alipita kwetu nyumba kwa nyumba na daftari.

"Mna mgeni humu? Anayelala bila taarifa? Tumeambiwa tuorodheshe. Na wale wa zamani wanaoishi kienyeji bila karatasi nao watafutwe, safari hii hakuna mchezo."

Nilijibu hatuna mgeni. Alipoondoka nilikaa kwenye ngazi ya mlango. Niliiona ile karatasi machoni, na dole gumba la buluu, na namba ya simu, na kijiji, na vema. Mbele ya ripoti nilikuwa nimemficha, nyuma ya ripoti nimemtaja. Na nilikuwa nimeipeleka mwenyewe kwa watu walioandika, kwa Kiswahili safi, kwamba huenda wataikabidhi serikalini.

Nilimpigia mratibu. Simu haipatikani. Nikapiga ofisini kwao, kijana wa mapokezi akaniambia ameshapanda ndege, yuko kwenye mazungumzo, nimtumie barua pepe. Niliandika barua pepe ya kwanza kwa adabu, ya pili bila salamu. Kesho yake likaja jibu la mstari mmoja: "Ripoti yako nzuri sana, hongera, tutaongea." Juu ya mahudhurio hakusema chochote. Nikaandika tena mara mbili, bila kujibiwa.

Siku tatu zile niliunguza ugali, nikasahau kuzima gesi, nikamkaripia mhasibu kwa kelele za cherehani ambayo siku zote nilikuwa naifurahia. Kila simu iliyoita niliiona ni ya uhamiaji. Mama aliniangalia, akaniuliza mbele ya wateja wa dagaa, "Una nini wewe? Una mimba?" Nikamjibu vibaya, na sikuwa mtu wa kumjibu mama vibaya.

Ningeweza kusubiri. Huwa naliwaza hilo mara nyingi. Lakini nilijiambia kwamba mwenye jina ana haki ya kujua, jambo ambalo ni kweli, na tena nilikuwa siwezi kuubeba ule woga peke yangu, jambo ambalo ni kweli zaidi. Siku ya tatu nikapanda pikipiki hadi Simbo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anaengua mawese juu ya sufuria kubwa, uso umelowa jasho la moto.

"Mwakeye, mama. Shikamoo," nilimsalimia, kwanza kwa Kiha.

"Marahaba, mwalimu. Karibu, vuta kigoda."

Sikuvuta kigoda. Nilimweleza nikiwa nimesimama, haraka haraka: fomu, visanduku, Dar, serikali, mwenyekiti wa mtaa na daftari lake. Aliendelea kuengua. Mafuta mekundu yalikuwa yanatiririka polepole kutoka kwenye upawa kwenda kwenye dumu, na hakumwaga hata tone.

"Hiyo alama niliitia miye?" aliuliza.

"Hapana, mama. Mimi."

"Kwa nini?"

Nikajaribu kumweleza kwamba safu ilikuwa tupu. Ukilisema jambo hilo kwa sauti, mbele ya mtu, linakuwa halina maana kabisa.

"Miaka yote hii Simbo," alisema, "hakuna aliyeniita hivyo. Hata shemeji zangu tukigombania michikichi, hawajaniita. Na wanayo midomo." Akaweka upawa chini. "Sasa karatasi iko wapi?"

"Dar. Au imeshafika serikalini, sijui. Nawatafuta, hawajibu."

"Na wakija?"

Hapo ndipo nilipoharibu mara ya pili. Kama ningekuwa na akili ningemwambia kaa hapa, ngoja, nitakuletea jibu. Lakini kwa woga nikasema lile lililokuwa juu ya ulimi.

"Ujiandae kwa lolote, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Nilipoaga aliingia ndani, akatoka na chupa ya mawese mapya, bado ya moto, kaifunga kwa jani la mgomba ili isiniunguze. Nilikataa. Akaniambia mgeni haondoki mikono mitupu nyumbani kwake, na kwamba hilo halikubadilika kwa sababu ya karatasi. Njia nzima niliipakata ile chupa nyuma ya pikipiki huku nalia.

Mratibu alinipigia siku mbili baadaye, jioni. Alikuwa anapiga kelele kwa furaha.

"Dada! Nimezungumza! Dakika mbili zangu zote nimempa mama wa Simbo! Nimelisoma lile swali kama lilivyo, halafu wajumbe wawili wakaja kuniomba maandishi. Unajua maana yake? Kuna aya wanayovutania, juu ya watu wasio na vitambulisho, na sasa wanalo swali la kuweka mezani!"

"Karatasi za mahudhurio," nilisema. "Umezipeleka wapi?"

"Karatasi gani?"

"Za mahudhurio. Kiambatisho. Nimekuandikia mara nne."

"Aa, kile! Mpenzi, kiambatisho chako kikubwa, simu yangu haikifungui. Hata sijakiona. Nilichapisha zile kurasa mbili za mbele tu. Na serikali hawajaniuliza mahudhurio, wana mambo yao. Kuna tatizo?"

Nikamwambia afute kile kiambatisho sasa hivi, nikiwa naye kwenye simu. Akafuta, akanisomea alichofuta. Nikampigia kijana wa mapokezi, akaniapia kwamba hakuna nakala pale ofisini. Nilicheka kwa nguvu mpaka mama akatoka jikoni. Nilimkumbatia na samaki wake mkononi. Miezi baadaye, malengo yalipopitishwa, niliyasoma yote kumi na saba na vijisehemu vyake, na nikakikuta kile kinachosema kila mtu apate utambulisho wa kisheria. Sijui kama swali letu lilisaidia hata herufi moja. Jioni ile sikujali malengo. Nilitaka kupambazuke niende Simbo.

Mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Sufuria kubwa ilikuwa imeoshwa na kufunikwa kichwa chini. Jirani yake, mmoja wa wale walioinamia soda, alitoka na ufunguo mfukoni.

"Kaaga. Kasema anakwenda kwa binti Uvinza. Kaniachia kuku na ufunguo."

"Alikwenda lini?"

"Juzi. Kachukua mkeka na kanga mbili." Akashusha sauti. "Ila njia ya Uvinza si ile aliyoshika, mwalimu. Alishika ya mjini."

Sikuelewa. Nilimpigia simu, imezimwa. Nilipiga kwa binti yake Uvinza, namba nikapewa na jirani, naye hakuwa na habari ya ugeni wowote. Nikarudi mjini nikiwa na woga mwingine mpya, mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa huu haukuwa na karatasi ya kuufuta.

Kesho yake uwanja wa mpira waliomba wakalimani. Watu wanaosikia Kiha na Kiswahili walikuwa wanahitajika sana, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana na waandikishaji wengi walitoka mikoa ya mbali. Asasi zote za mjini zilitoa watu, na kwetu mtu alikuwa mimi. Nilikalishwa kwenye meza ya tatu pembeni ya mwandikishaji, kijana mpole aliyechoka, mwenye glavu za mpira. Nilikuwa nauliza, nasikiliza, natafsiri. Jina, mkoa, watoto wangapi, umevuka lini. Saa nne asubuhi niliinua macho nimwite anayefuata, na alikuwa yeye.

Alikuwa amechuchumaa na wenzake, mkeka kwapani, miguu ina vumbi sawa na yao. Alisimama, akaja mpaka mezani, akaniangalia machoni.

"Mwaramutse," alinisalimia, Kirundi kitupu, salamu ya mtu asiyekujua.

"Muulize amevuka lini," alisema mwandikishaji.

Badala ya kuuliza, nikamwambia kwa Kiha, kwa sauti ya kawaida ili nisionekane nanong'ona: karatasi haikufika popote, imefutwa, hakuna aliyeisoma, mama, rudi nyumbani.

Alinijibu kwa utulivu uleule wa kwenye sufuria.

"Hiyo haikufika. Itafika nyingine. Wanapita na madaftari kila kijiji. Nimengoja miaka yote kuja kuchukuliwa, nimechoka. Hapa angalau wananiandika nikiwa nimekuja mwenyewe."

"Na shamba? Na michikichi?"

"Ukisema unanijua," alisema, "watajua nimedanganya. Nakuomba."

"Anasemaje? Maneno mengi hivyo?" Mwandikishaji alikuwa ameinua kalamu.

"Anasema amevuka juzi," nilisema. "Anasema hana ndugu huku."

Yule kijana alimtazama, akanitazama mimi. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameona, nadhani, jinsi macho ya mama yalivyokuwa yanafuata Kiswahili chetu kabla sijatafsiri.

"Huyu mama unamjua?"

Nyuma ya mama foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye goli. Niliwaza darasa la katekisimu, na mkono wake kwenye kiwiko changu, na lile neno nakuahidi.

"Simjui," nilisema.

Mwandikishaji akaandika kwamba mama ameingia Tanzania juzi, kwa mara ya kwanza, peke yake. Kisha, bila kuinua macho, akasema kwa Kiswahili aende kwenye foleni ya blanketi, nami nikamtafsiria mama, ingawa alikuwa ameshaanza kwenda.